Mifuko Arobaini Iliyokataliwa

Isevya, Tabora
12 Mei 1975

Kaka Abasi,

Shikamoo. Msalimie wifi Mwanamkuu na watoto, waambie shangazi yao ni mzima wa mwili, mengine utawasomea mwenyewe ukiona yanafaa.

Juzi Jumamosi nilipata barua ya ofisi ya kodi ya mapato. Nimeisoma mara tatu, nikampa na Batuli wa nyumba ya pili aliyefika darasa la nane, tukaafikiana kwamba hatukukosea kusoma. Wanasema mwaka jana nilipokea mshahara wa shilingi elfu kumi mia mbili na themanini kutoka Kampuni ya Nta na Asali ya Magharibi, na katika fomu yangu nikataja elfu nne na themanini tu. Kwa hiyo nimeficha. Kwa kuficha natakiwa kulipa elfu moja mia tatu na thelathini, adhabu ikiwa ndani yake. Nina siku thelathini za kuweka pingamizi, zimeanza kuhesabiwa tarehe nane.

Kaka, mshahara wangu unaujua. Ni mia tatu na arobaini kwa mwezi, hata mbuzi wa Isevya wanaujua. Kwa huo napanga nta pale kiwandani tangu asubuhi mpaka saa tisa: navunja bonge, nanusa, natafuna kidogo, nasema hii daraja la kwanza, hii imetiwa mafuta ya ng'ombe, mrudishieni mwenyewe. Hiyo elfu sita na mia mbili iliyozidi ni pesa ya mifuko ya kuchujia asali. Mifuko hatuishonei kiwandani. Tunaishonea barazani kwangu, saa kumi mpaka giza, kwa cherehani yangu, kwa kitambaa cha merikani ninachokinunua kwa Shomari wa duka la nguo, na wanawake saba ninaowalipa mimi. Kiwanda kinanunua mfuko uliokwisha. Nikitoa merikani na uzi, nikiwatoa akina Batuli, kwangu inabaki elfu moja mia nne na hamsini kwa mwaka mzima. Sasa natozwa kodi ya pesa ambayo Ng'washi, mmoja wa hao saba, ameshanunulia unga.

Nilimwendea Bwana Justus, mhasibu wetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyepeleka orodha ya malipo. Akanijibu kwamba fedha imetoka kwenye kabati moja ikaenda kwa mtu mmoja, na karatasi yake ina safu moja tu, ya mtumishi, basi yote ni mshahara. Nikamuuliza, kama ni mshahara, mbona pesa ya mifuko haikukatwa kodi kama unavyokatwa mshahara. Akainamia karatasi zake.

Karani wa zamu kule kodi amenieleza kwamba anayeshindwa kulipa huchukuliwa mali. Mali yangu ni ipi kaka? Ni kitanda, masufuria, na cherehani aliyoniachia marehemu mume wangu. Ikienda cherehani, wanawake saba wameenda nayo.

Fomu ile uliijaza wewe ulipokuja kwa Maulidi, mimi nikatia sahihi. Nikumbushe, pesa ya mifuko uliiandika wapi? Huenda wameiruka kwa bahati mbaya.

Mdogo wako,
Swaumu


Stesheni ya Tura
16 Mei 1975

Mdogo wangu Swaumu,

Marahaba. Barua yako niliipokea kwa mkono wa gadi wa treni ya mizigo. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto wanauliza utakuja lini na kashata.

Nimeyasoma uliyoandika kwa utulivu, na nakuomba wewe pia uyachukue kwa utulivu. Mambo ya serikali yana njia yake. Kuhusu fomu, niliandika yale yaliyostahili kuandikwa, na sasa si wakati wa kurudi nyuma kuchokonoa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ushauri wangu kama kaka yako ni huu. Usiweke pingamizi. Nenda kwa Bwana Justus kwa adabu, umwombe aandike kwamba ile elfu sita ilikuwa malipo ya kazi ya ziada, kisha uombe kulipa kidogo kidogo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Na zaidi ya hayo, fikiria zama tulizomo. Tangu Azimio la Arusha watu wana masikio marefu. Ukisimama ofisini ukatangaza kwamba unapokea mara mbili kutoka kampuni moja, kesho utaitwa mwenye mishahara miwili, keshokutwa utaitwa mnyonyaji, na jina hilo likikushika halitoki kwa sabuni.

Nimekuwekea shilingi sitini ndani ya bahasha. Usimwambie wifi yako.

Kwa mapenzi,
Abasi Lukumani
Karani wa Stesheni


Isevya, Tabora
27 Mei 1975

Kaka Abasi,

Shikamoo. Shilingi sitini nimezipokea, nashukuru, nazirudisha. Zimo ndani ya bahasha hii. Zinaniunguza mkono.

Nimeiona fomu. Jana niliomba ruhusa kiwandani nikaenda ofisi ya kodi, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili, saa tano nikaitwa kwa Bwana Mfaume, ndiye mwenye jalada langu. Mtu mwembamba, mpole, ana kalamu tatu mfukoni. Akafungua jalada, akanigeuzia karatasi. Pale palipoandikwa mapato ya biashara au kandarasi, mwandiko wako mzuri ule uliosifiwa na walimu umeandika HAKUNA, ukapigiwa mstari chini.

Kaka, nimekasirika. Sitakuficha. Nilikuambia habari ya mifuko siku ile ile, nikakuhesabia mpaka na uzi, ukatikisa kichwa ukiandika. Nilidhani unaandika niliyosema. Na nilipokuuliza, badala ya kunijibu umenipa methali mbili. Kama ulitaka kunihurumia ungeniuliza kwanza kama nataka huruma ya namna hiyo. Mimi sina cha kuficha. Wanawake saba wanapita mlangoni kwangu kila siku mchana kweupe wakienda kushona, ningewaficha wapi?

Na hilo la mishahara miwili, mwiko ule wa Azimio ni wa viongozi. Mimi namwongoza paka tu, naye hanifuati.

Sasa sikiliza alivyoniambia Bwana Mfaume. Mtu anaweza kuwa mtumishi na kontrakta wa kampuni ile ile, sheria haikatazi, ila lazima ziwe kazi mbili kweli na ziandikwe mahali pawili. Mshahara upande wake, kandarasi upande wake pamoja na gharama zake. Lakini kampuni ikisema yote ni mshahara, yeye hana budi kuuliza: kitambaa ni cha nani, chombo ni cha nani, nani anapanga saa, nani anawalipa wasaidizi, na kazi ikiharibika hasara ni ya nani. Nikamwambia yote hayo yako barazani kwangu, twende ukaone, ni mwendo wa nusu saa. Akasema ofisi haitembelei mabaraza, hana gari wala idhini, nilete karatasi. Karatasi gani? Mkataba na kiwanda ulikuwa wa mdomo, bwana mkubwa aliyepita aliniuliza unaweza kushona mifuko, nikasema naweza, tukaagana bei, basi. Shomari naye akikupimia merikani anakupa merikani, risiti hajui.

Nikainuka kuondoka. Mlangoni nikasikia mesenja akimtania Bwana Mfaume kwamba Wazigua hawajui kunywa chai bila kulalamika. Nikageuka. Nikamuuliza Bwana Mfaume kwao wapi. Handeni, akasema. Kaka, Mzigua! Mtani wetu kabisa, tangu babu zetu wakibeba pembe na nta kwenda pwani wakilala kwao na kuzikana njiani. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake nimekunja mikono kama mwali.

Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani nje. Niliichukua. Nilimwambia mesenja, mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi, "Mwambie mtani wangu baiskeli yake imekamatwa na Wanyamwezi. Iko Isevya, aje aikomboe mwenyewe." Nikaisukuma mpaka nyumbani, maana kuipanda siwezi. Iko chumbani kwangu, imefunikwa kanga.

Zimebaki siku kumi na moja.

Swaumu


Stesheni ya Tura
30 Mei 1975

Swaumu,

Rudisha baiskeli hiyo leo hii. Utani ni wa matangani na vijiweni, haufiki kwenye ofisi ya serikali. Mtu akiamua kusema imeibwa, polisi hawatakuuliza babu yako alilala wapi.

Na wakikushika watalifungua jalada lote, watauliza mwandiko ni wa nani. Umelifikiria hilo? Mimi ni mtumishi mwenye watoto wanne.

Ni kweli niliandika lile neno. Niliona mjane mwenye kima cha chini, nikasema kwa nini aongeze mzigo. Niliona ni pesa ya wanawake ya kushona, nani ataitafuta. Basi, nimesema. Sasa irudishe.

Kaka yako,
Abasi


Isevya, Tabora
4 Juni 1975

Kaka Abasi,

Shikamoo. Baiskeli imerudi kwa mwenyewe, imekombolewa kwa heshima zote. Kaa kitako nikueleze.

Siku tano mtani alijikaza. Mesenja alikuja mara mbili kuniomba nione aibu, nikamjibu aibu ameondoka nayo bwana wake aliyekataa kuja. Alhamisi nikasikia mji mzima unacheka, mpaka watoto wa shule wakimwona anatembea wanamuuliza kama Handeni hakuna magurudumu. Jumapili, baada ya mwenzetu Imakulata kutoka misa, wote saba na mimi tukiwa kazini, tukamwona anaingia uani kwa miguu, vumbi mpaka magotini, mkononi jogoo mmoja mwekundu wa ukombozi. Ana adabu za utani, sitamnyima hilo. Alipofika tu akatangaza kwamba amekuja kununua Wanyamwezi wote wa nyumba hii kwa jogoo mmoja na anataka chenji.

Nikamwambia jogoo hatoshi. Baiskeli itatoka akishashona mfuko mmoja wa kuchujia asali, mshono wa kugeuza, usiopitisha nta. Wanawake wakamweka kwenye cherehani. Kaka, alikanyaga kama anayekimbia nyuki, na sindano ikavunjika kabla hajafika nusu. Tulicheka mpaka Ng'washi akalazimika kwenda kukaa nje. Yeye pia alicheka. Kisha akaichukua ile sindano iliyovunjika, akaiangalia, na nikaona uso wake unageuka kuwa uso wa ofisini.

Akauliza sindano hiyo ni mali ya nani. Nikasema yangu, na utanilipa. Akauliza kiwanda hakitoi sindano? Batuli akamjibu kwamba kiwanda hakijawahi kutoa hata uzi wa kufungia mdomo wa gunia. Hapo akatoa daftari, akaliweka gotini, akaanza kuuliza mmoja mmoja. Nani anakulipa? Swaumu. Kwa siku au kwa mfuko? Kwa mfuko. Usipokuja je? Sishoni, silipwi, hanigombezi. Msimamizi wa kiwanda huja hapa? Hajui hata njia.

Halafu mjukuu wa jirani akapita na madaftari yake ya shule yamo ndani ya mfuko mweupe, na kwenye mfuko kuna muhuri mwekundu wa kiwanda: IMEKATALIWA. Bwana Mfaume akauliza ni nini kile. Akauona mwingine umetundikwa mlangoni una vitunguu. Mwingine umefunika mto wa kitanda cha bibi yake Batuli. Nikamweleza kwamba mwezi wa kumi mwaka jana kiwanda kilipima mifuko arobaini, kikaona mshono unavuja, kikaigonga muhuri na kunirudishia yote, bila senti. Wanawake niliwalipa nusu kutoka mfukoni mwangu kwa kuwa kosa lilikuwa la uzi mbovu niliouchagua mimi. Mifuko nikaigawa, Isevya nzima inabebea vitu.

Akaniuliza kama nta ninayoipanga asubuhi niliwahi kukosea. Nikasema nimekosea mara nyingi, nikaonywa, na mara moja nikapewa barua. Akauliza, "Na siku hiyo ya kazi, waliigonga muhuri wakakurudishia?"

Nilisema hapana, siku niliyofanya kazi hulipwa hata nikikosea. Akafunga daftari. Akasema mshahara haukataliwi mlangoni ukarudishwa nyumbani kushikia vitunguu. Kinachoweza kukataliwa ni mali ya mwuzaji. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni mtani, nikamdai pesa ya sindano.

Alinilipa senti zake. Kisha akanionya waziwazi: utani umemleta, lakini utani hautampunguzia mtu kodi. Nitalipa kwa kila kilichobaki mkononi mwangu, na vitabu vya Shomari ataviangalia mwenyewe, maana Shomari hatoi risiti lakini huandika kila gora la kitambaa lililotoka. Kesho yake Jumatatu alikwenda kweli, na Shomari, ambaye mimi huniuzia kwa kunung'unika, akampa madaftari yote mawili na kahawa.

Pingamizi nimeliandika mwenyewe kwa mkono wangu, jana nimelipeleka. Nimeandika kazi ya kwanza, kazi ya pili, nani ana nini katika kila moja. Ukurasa mmoja na nusu. Sikutia methali hata moja.

Bwana Mfaume alipolipokea aliniuliza swali moja zaidi, nani aliandika lile HAKUNA. Nilimwambia sahihi ni yangu. Akasema anauliza mwandiko. Nikamwambia tena sahihi ni yangu, na anayetia sahihi ndiye aliyesema. Aliandika hivyo, na akaniambia kwamba kwa jibu hilo adhabu itabaki palepale, mia nne. Nitaitafuta. Wewe una watoto wanne.

Mdogo wako,
Swaumu


Stesheni ya Tura
11 Juni 1975

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako niliisomea ofisini, nikashindwa kupiga kengele ya treni ya saa saba. Mzee Lugembe, mgeuza pointi za reli, ndiye aliyeipiga.

Nimeona haya, Swaumu. Tangu utoto mimi ndiye ninayesema na wewe ndiye unayesikiliza, na kumbe muda wote huu wewe ndiye ulikuwa na moyo. Nilikutumia methali, nawe ukanibebea kosa langu bila hata kunisimanga. Ningependa unisimange.

Sasa nikuambie yale ambayo mpaka leo sikumwambia hata wifi yako. Nilipoandika HAKUNA kwenye fomu yako, mkono ulikuwa umekwisha zoea. Mimi ni karani wa reli, nalipwa mshahara. Na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiiuzia reli hiyo hiyo mkaa na kuku wa nyumba ya kupumzikia ya madereva hapa Tura. Mkaa nanunua vijijini, kuku vivyo hivyo, Mahona ananisombea kwa mkokoteni, namlipa. Kila mwaka nikifika kwenye nafasi ile naandika HAKUNA na kupiga mstari. Niliogopa kwamba nikiitaja, watasema mtumishi hawezi kuwa pia mwuzaji, watanifukuza kwenye moja kati ya mbili, na sikujua nitaishi vipi kwa iliyobaki. Sikuwahi kumuuliza mtu. Nilipokuambia mkono usioweza kuukata ubusu, ni kwamba wangu nimeubusu mpaka midomo imechubuka.

Nilipokuzuia usiweke pingamizi, nilikuwa najizuia mimi nisionekane. Ilikuwa hivyo, na nakuomba radhi.

Leo nimeandika barua mbili. Moja kwa Bwana Mfaume, nikimweleza kwamba mwandiko ni wangu, kwamba wewe ulinitajia pesa yote ya mifuko na mimi sikuiandika. Ya pili ni ya kwangu mwenyewe, miaka mitatu, kila kuku. Treni ya jioni inaondoka nazo. Wifi yako nimemwambia. Akasema alikuwa anashangaa kwa nini mimi husali sana kila mwezi wa tatu, fomu zinapojazwa.

Kaka yako,
Abasi


OFISI YA KODI YA MAPATO
Tabora
9 Julai 1975

Bibi Swaumu binti Lukumani,
Isevya, Tabora.

Kuhusu: Pingamizi lako la tarehe 3 Juni 1975

Pingamizi lako limechunguzwa na limekubaliwa.

Ofisi imeridhika kwamba katika mwaka 1974 ulikuwa na kazi mbili kwa kampuni moja. Ya kwanza ni utumishi wa kupanga nta, shilingi 4,080, ambao kodi yake ilikwisha katwa. Ya pili ni kandarasi ya kushona mifuko, shilingi 6,200, uliyoifanya kwa vyombo vyako, mahali pako, kwa wasaidizi wako na kwa hasara yako. Gharama za shilingi 4,750 zimethibitishwa na vitabu vya muuzaji wa nguo na maelezo ya wanawake saba. Kodi inayodaiwa ni ya shilingi 1,450 zilizobaki, nayo ni shilingi 217 na senti 50.

Adhabu imefutwa, kwa kuwa aliyejaza fomu ameandika kwa hiari yake na kukiri kwamba ulimtajia mapato hayo. Kampuni imeagizwa kwamba kuanzia sasa itenganishe malipo ya watumishi na malipo ya makontrakta, hata wanapokuwa mtu mmoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfaume S.

(Kwa kalamu, si kwa taipu:) Jogoo wangu yuko wapi? Kama mmemla, kodi yake nitaikadiria mwakani. Wezi wakubwa nyie.


Isevya, Tabora
22 Julai 1975

Kaka yangu Abasi,

Shikamoo, na tena shikamoo, moja ya leo na moja ya ile barua uliyopeleka kwa treni ya jioni. Nililia nilipoisoma ile uliyoniandikia mimi. Hasira yote niliyokuwa nayo iliisha mahali palepale, sikubaki hata na ya akiba. Umenifutia mia nne, lakini hata usingefuta ningefurahi vilevile, kwa kuwa nilikuwa nimempoteza kaka katikati ya methali zake na sasa nimempata.

Wifi ameniandikia kwamba nawe umekadiriwa, kwamba utalipa kwa miezi kumi na minane, na kwamba hakuna aliyekufukuza popote. Bosi wako amesema tu uandike bei ya kuku kwenye karatasi. Miaka mitatu ya kusali, kaka, kwa jambo la karatasi moja.

Barua ya kodi niliipeleka kiwandani siku ileile niliyoipata. Sikumwendea Bwana Justus chemba. Nilingoja saa ya mapumziko, nikamkuta na meneja na wapanga nta wote wakinywa chai, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliisoma, akaisoma tena. Meneja akamwomba aisome kwa sauti. Alipofika kwenye "hata wanapokuwa mtu mmoja", aliishusha sauti, ila alimaliza, na nakuambia ukweli, aliponipa mkono aliushika kwa nguvu. Alisema hakuwa na nia mbaya, safu ilikuwa moja. Nikamwambia nami sikuwa na nia mbaya, mlango wangu ulikuwa mmoja. Juzi ameniletea mkataba, umetaipiwa, bei ya mfuko imeandikwa na imepanda kwa senti ishirini, kwa kuwa meneja alipoona gharama zangu zimepangwa mstari kwa mstari aliona haya kuikazia bei. Mfuko ukikataliwa bila sababu ya mshono, hasara ni yao. Hilo nililidai mimi.

Batuli anataka tuandikishwe kuwa ushirika. Tumekwisha fanya mkutano, sisi wanane. Ng'washi, ambaye mwaka jana alikuja kutoka Choma hana kitu isipokuwa mtoto mgongoni, amechaguliwa mweka hazina. Mimi nimekataa uenyekiti mpaka nisome vizuri ule mwiko wa viongozi na kazi mbili. Sitaki kuanza tena na benchi.

Lakini ninayotaka kukueleza hasa ni ya leo asubuhi. Nimelipa.

Nilitaka kwenda peke yangu. Nilipotoka mlangoni nikawakuta wote saba wamevaa kanga mpya, Imakulata na viatu vya misa, wamesimama kunisubiri kama kuna arusi. Wakasema pesa ile imeshonwa na mikono kumi na sita na italipwa na miguu kumi na sita. Tukapita Isevya, tukapita sokoni, Shomari akatoka dukani kwake kuuliza tunakwenda kumzika nani. Tulipofika dirishani nikahesabu mia mbili kumi na saba na senti hamsini, kila shilingi nimeitoa mimi na najua imetoka mfuko gani. Keshia akagonga muhuri, na wanawake wakapiga vigelegele mle ofisini, kaka, vigelegele vya kweli, mpaka makarani wakatoka vyumbani mwao wakidhani kuna mgeni wa taifa. Keshia alisema amekaa dirisha lile miaka minane na hajawahi kuona mtu akishangilia kulipa kodi. Batuli akamwambia hatushangilii kulipa, tunashangilia kuhesabiwa.

Bwana Mfaume alisimama mlangoni kwake na kalamu zake tatu. Hakusema neno la utani hata moja. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake.

Nilipokuwa naondoka keshia aliniita. Kwenye risiti kulikuwa na nafasi hajaijaza. Akaniuliza, "Kazi yako nini, mama?"

Kaka, tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye kalamu. Waliuliza mume wangu anafanya kazi gani, na alipokufa waliuliza alikuwa anafanya kazi gani. Nikanyoosha kanga yangu, nikamtazama usoni.

Nikamwambia, "Ninazo mbili. Andika zote."

Akaandika.

Swaumu binti Lukumani,
Mpanga nta na mkandarasi